Majina, Nyaraka na Kumbukumbu: Nani Anahesabiwa katika Historia ya Vita vya Majimaji Songea?

Neno kumbukumbu lina makazi mawili katika Kiswahili cha Tanzania. Ofisini, kumbukumbu ni majalada: hukaa masijala, hupewa namba, huwa chini ya mkono wa mtunza kumbukumbu, na yale yanayoonekana kustahili kudumu huhamishiwa katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nje ya ofisi, kumbukumbu ni siku na ni tendo. Watu hukusanyika, humtaja marehemu kwa jina, humwombea. Mjini Songea, kila ifikapo tarehe 27 Februari, maana hii ya pili ndiyo inayosikika. Wazee wa kimila, viongozi, wanafunzi na wakazi wa mji hukutana Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka watu walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906.

Kumbukumbu za aina hizi mbili hazikutani mara nyingi. Majalada yanayohusu vita hivyo yako Dar es Salaam na Berlin, na kwa upande wa wamisionari yako katika nyumba za Wabenediktini. Watu ambao habari zao zimo ndani ya majalada hayo wako Ungoni. Kilichovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine ni kidogo, na sehemu yake kubwa ni majina. Hoja ya makala hii ni kwamba huduma za nyaraka huwaingiza watu katika jamii, au huwaacha nje, kwanza kabisa kwa njia ya majina: nani aliandikwa, aliandikwa kwa tahajia ipi na katika lugha gani, na je, wajukuu wake wanaweza kulisoma jina hilo pale lilipo? Mjadala kuhusu ujumuishi wa kijamii katika taasisi za nyaraka huzungumzia sana milango iliyo wazi, ada ndogo na maonyesho kwa shule. Mambo hayo ni mema. Songea inaonyesha kwamba hayatoshi.

Walioandikwa

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi. Vilifika Ungoni wakati Omari Kinjala alipoleta maji kutoka Ungindo na kupokewa na Nkomanile, mwanamke aliyekuwa na mamlaka huko Kitanda. Kutoka hapo habari za maji zilifika kwa watawala wa dola mbili za Wangoni, Nkosi Chabruma wa Mshope na Nkosi Mputa Gama wa Njelu, na kwa manduna wao. Miongoni mwa manduna hao alikuwa Songea Mbano, ambaye karibu na makazi yake Wajerumani walikuwa wamejenga boma mwaka 1897. Mji wa leo umechukua jina lake, jambo ambalo litarudiwa mwishoni mwa makala hii kwa sababu limezaa tatizo lisilotazamiwa.

Mwezi wa Septemba 1905 misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, iliteketezwa. Inafaa kukumbuka kwamba miaka michache kabla ya vita padre mmoja wa misheni alikuwa ameichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa. Mahoka ni mizimu ya wahenga, na nyumba yao ndiyo iliyokuwa mahali pa kuwataja. Kwa hiyo moto wa kwanza katika historia hii uliunguza mahali pa kutajia majina. Ule wa pili ukaunguza misheni pamoja na vilivyokuwamo ndani yake. Wanahistoria wengi huutaja moto wa pili kwa kirefu na wa kwanza kwa sentensi moja.

Mwanzoni mwa mwaka 1906 upinzani wa Njelu ulikuwa umevunjwa na wakuu wake wengi wametiwa mbaroni. Chabruma alivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, ambako ndiko alikofia. Tarehe 27 Februari wafungwa walinyongwa mjini Songea, Mputa akiwa mmojawapo, na kuzikwa katika kaburi la pamoja. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake. Kumbukumbu ya Songea huwahesabu mashujaa 67.

Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: kwa nini majina ya watu hawa yanajulikana? Wapiganaji maelfu walikufa kusini mwa nchi katika miaka ile bila majina yao kuandikwa popote. Waliohukumiwa Songea walipita mbele ya maofisa wa jeshi, na wengi wao walipita pia mbele ya padre aliyewabatiza kabla ya kupelekwa kwenye mti wa kunyongea. Afisa na padre walikuwa watu wa kuandika, kila mmoja kwa sababu yake. Mmoja alihitaji kuonyesha wakubwa wake kwamba uasi umekwisha. Mwingine alihitaji kuonyesha kwamba roho zimeokolewa. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwa ajili ya watoto wa wafungwa. Hata hivyo, kutokana na maandishi ya namna hiyo na masimulizi ya wazee, majina yalihifadhiwa, yakaorodheshwa, na leo yanasomeka kwenye mnara wa kumbukumbu pale Mahenge. Hati iliyotungwa ili kuthibitisha hatia imegeuka kuwa hati ya heshima. Mwenye ukoo aliye na jina la babu yake katika orodha ile ana nafasi ya kusimama siku ya tarehe 27 Februari, ana la kumwambia mgeni wa serikali, na ana msingi wa kudai.

Huu ndio uwezo wa nyaraka, na ndio upungufu wake. Orodha ya walionyongwa imekuwa, bila mtu kukusudia, orodha ya wanaostahili kukumbukwa.

Wasioandikwa

Serikali ya kikoloni ilikadiria kwamba Waafrika waliokufa kutokana na vita walikuwa 75,000. Gilbert Gwassa, aliyechunguza vita hivi kwa undani kuliko mtu mwingine yeyote wa kizazi chake, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili ni watu wa njaa. Baada ya mapigano, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala na kuchukua mifugo, na vifo vilivyofuata havikupita mbele ya afisa wala padre yeyote aliyeshika kalamu. Mtoto aliyekufa Undendeuli mwaka 1907 kwa kukosa chakula hana jalada. Mama yake pia hana.

Wanawake wanaonekana katika nyaraka kwa nadra, na Nkomanile ndiye anayetajwa zaidi. Masimulizi ya Songea humweka miongoni mwa walionyongwa, mwanamke pekee kati yao. Ni jambo la kutia moyo kwamba jina lake hutajwa leo katika kila maelezo ya vita vya Ungoni. Lakini yafaa kuangalia ameingia kwa mlango gani: ametajwa kwa sababu alikuwa na cheo na kwa sababu alikufa kifo cha wanaume wenye vyeo. Wanawake waliokimbia na watoto maporini, waliochimba mizizi, waliotekwa na askari, hawakuingia kwa mlango huo.

Kundi la tatu ni gumu zaidi kulizungumzia, kwa kuwa linagusa fahari ya watu walio hai. Dola za Wangoni zilijengwa na wahamiaji wachache waliotoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19; wengi wa raia wake walikuwa watu waliotekwa au kushindwa, Wandendeuli, Wamatengo, Wanindi, Wapangwa na wengineo, ambao mabwana wao waliwaita sutu. Lugha yenyewe inatoa ushahidi: Kingoni kinachozungumzwa Songea kimejengwa juu ya lugha za raia hao, na kile kilicholetwa kutoka kusini kimebaki katika maneno machache na vyeo kama nkosi na nduna. Walioshindwa ndio waliowapa washindi lugha. Katika nyaraka, hata hivyo, wote ni Wangoni. Maofisa wa Kijerumani waliandika majina ya wakuu na jumla ya wafuasi. Wakuu wa wilaya wa Kiingereza, walipoandika historia za makabila katika vitabu vyao vya wilaya, waliwauliza kwanza wale waliokuwa na vyeo. Wandendeuli walipodai katika miaka ya 1950 kutambuliwa mbali na Wangoni, walikuwa wanadai dhidi ya rundo zima la karatasi ambalo halikuwa na sehemu yao.

Kuna na wale wa upande wa pili: askari na rugaruga, Waafrika waliopigana chini ya Wajerumani, ambao wajukuu zao pia ni raia wa Tanzania. Hakuna mnara wa kumbukumbu unaojua la kufanya nao. Jalada linajua, kwa kuwa jalada haliulizi ni nani shujaa.

Lugha ya sanduku

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mradi wa utafiti wa Majimaji, ambao John Iliffe na Gwassa walikuwa na mchango mkubwa ndani yake. Wanafunzi walirudi makwao wakati wa likizo na kuwahoji wazee waliokuwa vijana au watoto wakati wa vita. Kwa upande wa Songea, kazi hiyo ilizaa kitabu kidogo cha O. B. Mapunda na G. P. Mpangara kuhusu vita vya Majimaji katika Ungoni, kilichotoka mwaka 1969. Ulikuwa ndio mradi mkubwa wa kwanza wa nchi huru kuwahesabu wanakijiji kuwa mashahidi wa historia yao, na thamani yake haijapungua. Bila mradi huo sauti ya kusini ingebaki ile ya Gavana Götzen, aliyetoa kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909.

Lakini ripoti za wanafunzi ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, na zikawekwa katika maktaba ya chuo. Mzee aliyesema kwa Kingoni au kwa Kiswahili alitafsiriwa siku ile ile na maneno yake yakasafiri karibu kilomita 1,000 kutoka kijijini kwake. Mjukuu wake akitaka kuyasoma leo anahitaji nauli, kibali na Kiingereza. Hili halisemwi kuwalaumu wanafunzi wale, ambao walifanya kazi kwa haraka wakijua kwamba mashahidi wanakufa. Linasemwa kwa sababu ni deni linalolipika. Kuzirudisha Songea nakala za mahojiano hayo, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili na kupangwa kwa vijiji, ni kazi isiyohitaji jengo jipya.

Majalada ya Kijerumani ni sura nyingine ya tatizo hilo hilo. Yaliyobaki Dar es Salaam yalipangwa na kuorodheshwa kwa msaada wa wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani, na faharasa yake ikachapishwa Marburg mwaka 1973, majalada yakiwa na vichwa vya Kijerumani. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Sehemu nyingine kubwa, ile ya wizara ya makoloni, iko Berlin katika Nyaraka za Shirikisho, na imewekwa kwenye intaneti. Nyaraka nyingi za jeshi zilizokuwa Potsdam ziliungua katika mashambulizi ya mabomu ya Aprili 1945. Hivyo, kwa nadharia, mwalimu wa sekondari aliyeko Namtumbo mwenye simu anaweza kufungua leo jalada la Berlin kuhusu vita vilivyomuua babu wa babu yake. Atakachokiona ni Kijerumani cha karne iliyopita kilichoandikwa kwa mwandiko wa mkono ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Waraka umekuwa wa dunia nzima kabla haujawa wa Songea.

Ndani ya majalada hayo kuna kitu ambacho wasomaji wa Kiswahili wana haki nacho kuliko wengine: barua za Kiswahili, nyingine kwa hati za Kiarabu. Utawala wa Kijerumani uliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, kupitia maakida, makarani na wakalimani, na wapinzani wake pia walikitumia. Inajulikana kwamba wakati wa vita barua ilitoka Ungoni kwenda kwa Mataka, mtawala wa Wayao, kumwomba msaada. Wanahistoria wamezisoma barua za namna hii zaidi kupitia tafsiri za Kijerumani na kisha za Kiingereza, yaani mara mbili mbali na mwandishi wake. Fasihi imefanya vizuri zaidi. Utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu vita vya Majimaji umehaririwa na kuchapishwa zaidi ya mara moja, na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, imesomwa mashuleni tangu ilipotoka mwaka 1969. Mwanafunzi wa Songea anamjua Kinjeketile wa jukwaani kuliko anavyomjua Nkomanile wa Kitanda, na sababu mojawapo ni kwamba wa kwanza ameandikwa kwa lugha anayoisoma.

Wala kuachwa nje hakukuisha na ukoloni. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijiji vya Litowa na jirani zake vilijiunga katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, vikilima pamoja, vikiendesha shule yao na kuamua mambo yao wenyewe, hata Mwalimu Nyerere akavutiwa navyo. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Leo anayetaka kusoma historia yake kwa urefu hupata kitabu cha Kiingereza cha Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi na kufanya kazi na wanavijiji hao, kilichotoka mwaka 2014. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 huyafungulia wananchi majalada ya serikali baada ya miaka 30. Kwa kipimo hicho karatasi za uamuzi wa 1969 zimepita umri wa kufichwa zamani sana, na wazee wa Litowa wanaoweza kuzisoma wakisema hapa ni kweli na hapa si kweli wanapungua kila mwaka.

Jina na tahajia yake

Utafutaji katika nyaraka huanza na jina, na majina ya Ungoni yaliandikwa na watu waliosikia kwa masikio ya lugha nyingine. Nkomanile huandikwa pia Mkomanile: nazali ya Kingoni imevaa kiambishi cha Kiswahili. Chabruma ni Shabruma katika maandishi mengine, na Mjerumani aliyesikia sauti hiyo aliiandika kwa herufi zake mwenyewe. Mputa anaonekana kama Mputa bin Gwazerapasi Gama, ambapo bin ya Kiswahili, yenye asili ya Kiarabu, imewekwa kati ya majina mawili ya Kingoni na karani aliyejua namna moja tu ya kumtaja mtu na baba yake. Waliobatizwa kabla ya kufa walipewa jina la mtakatifu, na kwa padre jina hilo ndilo lililotangulia.

Mtaalamu wa isimu ataona hapa mada ya fonolojia na onomastiki. Kwa familia, tahajia ni mlango. Mtu anayetafuta Mkomanile katika faharasa iliyoandika Nkomanile ataambiwa hayupo. Faharasa ya nyaraka za Ungoni inayounganisha sura zote za jina moja, ikitengenezwa na watu wanaojua Kingoni, Kindendeuli na Kimatengo pamoja na Kiswahili, ingefanya kwa ujumuishi kazi ambayo maonyesho mengi hayawezi. Makumbusho ya Majimaji, Peramiho iliyo umbali wa kilomita 24 hivi, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka zina kila mmoja kipande cha kazi hiyo mkononi.

Uzito wa suala hili umeonekana wazi katika miaka ya karibuni. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin inayoshikilia mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa watu watatu nchini Tanzania. Katika kisa kimojawapo, fuvu lilikuwa limeandikwa neno akida, na neno hilo moja la Kiswahili liliwaelekeza watafiti Kilimanjaro, kwa jamaa wa mshauri wa Mangi Meli. Aliyeliandika alikuwa anaweka lebo kwenye kitu cha ghalani. Zaidi ya miaka mia moja baadaye familia ilimpata mtu wake kwa lebo hiyo.

Ukoo wa Songea Mbano umekuwa ukingoja habari kama hiyo. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilikatwa baada ya kunyongwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akaweka shada kaburini, akazungumza na jamaa wa nduna huyo, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, na kuahidi kwamba nchi yake itasaidia kutafuta. Alipoondoka kichwa kilikuwa hakijapatikana.

Utafutaji huo utakuwa mgumu kwa sababu mahususi. Wajerumani walilichukua jina la Songea na kulipa boma, kisha wilaya, kisha kila ripoti, ramani na shehena iliyotoka huko. Katika majalada ya Berlin jina hilo linaonekana mahali pengi mno, na takriban kila mahali ni jina la kituo. Likipatikana fuvu, daftari au risiti ya meli yenye neno Songea, mtunza nyaraka wa Ulaya atalisoma kuwa mahali kilikotoka kitu. Kujua kama neno lile linataja mji au linataja mtu kutahitaji msomaji anayejua kwamba kabla ya kuwepo mji, kulikuwa na nduna aliyeitwa hivyo, na anayejua tarehe, njia na watu wa siku zile za Februari na Machi 1906. Wasomaji wa namna hiyo wako Songea.